Nani kala nyasi ipi?

Leo programu naziweka kando kidogo. Kiangazi kikikaza huku Masinga kila jani lina mwenyewe; kule Laikipia ugomvi ni wa ng'ombe na punda milia.

Zamani wataalamu walimvizia mnyama kwa darubini au walipasua tumbo lake. Ikaja kemia ya kaboni, ambayo hutenganisha nyasi na vichaka, basi. Mwaka 1983 Kary Mullis akabuni PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara mamilioni.

Kazi ninayoipenda ni ya krili, vijidudu vya bahari ya Antaktika vinavyofanana na kamba wadogo. Chakula chao husagika kisitambulike, na ukinakili DNA ya tumboni unapata ya krili mwenyewe tele. Mwaka 2008 Vestheim na Jarman wakatumia kipande kinachozuia DNA hiyo isinakiliwe. Sisi waandika programu tungesema wamechuja data kabla ya kuisoma. Safi sana!

Mwaka 2015 Tyler Kartzinel na wenzake wakachapisha kazi ya Mpala, Laikipia: kinyesi cha aina 7, tembo hadi digidigi, ng'ombe wakiwemo. DNA ya mimea ilionyesha kwamba wanyama wanaokula nyasi kwa kiasi kinachokaribiana mara nyingi huchagua aina tofauti, hata punda milia wa kawaida na wa Grevy. Hao wa Grevy waliobaki duniani, wengi wako Kenya. Mfugaji na mhifadhi wakibishana sasa, wanaweza kuulizana ni nyasi ipi hasa. Ila DNA haisemi kama mnyama alikula jani au mbegu.