Usambiro: Kanisa Lililohamishwa Hadi Makaburi

Ukitoka stendi ya Nyegezi kuelekea kusini unapita Buhongwa, unafika Usagara, barabara inagawanyika. Moja inakwenda Shinyanga. Nyingine inakunja kulia hadi Kigongo, kwenye Daraja la J.P. Magufuli lililofunguliwa Juni 2025, na abiria wengi siku hizi hulivuka wakiwahi Sengerema au Geita bila hata kuchungulia dirishani. Daraja hilo linavuka Ghuba ya Mwanza, na kandokando ya ghuba hii ndiko zilikosimama baadhi ya nyumba za kwanza za sala za Kikristo katika kanda nzima ya Ziwa, na moja yake, ya Usambiro, imepotea kabisa.

Pwani wana bahati ya mawe. Malindi kuna kikanisa cha Wareno cha karne ya 16 ambacho bado kimesimama. Ngome Kongwe ya Unguja ilijengwa na Waomani mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na mabaki ya kanisa hilo yamo ndani ya ngome mpaka leo. Matumbawe na chokaa hukaa. Huku Usukumani wamisionari walijenga kama wenyeji walivyojenga: miti, udongo, nyasi juu. Jengo la namna hiyo likikosa mtu wa kulikandika na kuliezeka upya, mchwa na mvua hawachelewi.

Wazungu wa misheni hawakuja kwa ajili ya ghuba hii. Walikuwa na safari ya Buganda. Mwaka 1877 Waanglikana wa Church Missionary Society walifika Kageye, kijiji cha mtemi Kaduma ambacho sasa kiko wilaya ya Magu, mahali palepale mvumbuzi Stanley alipoteremshia mashua yake majini miaka miwili kabla. Desemba ya mwaka huohuo Luteni Shergold Smith na mwenzake O'Neill waliuawa Ukerewe. Ghuba yetu ya Mwanza ikaja kuandikwa kwenye ramani za Wazungu kwa jina la huyo Smith. Mwishoni mwa Desemba 1878 wakafuata Mapadre Weupe wa Kikatoliki, waliotoka Bagamoyo mwezi Juni na kumzika mmoja wao, Padre Pascal, njiani. Hawakukaa Kageye. Padre Lourdel na Bruda Amans walipanda mtumbwi, na Februari 1879 walikuwa Buganda.

Huko mambo yalipochacha, walirudi huku. Mwishoni mwa 1882 mapadre waliondoka kwa Kabaka Mutesa, na mwaka uliofuata wakafungua misheni Bukumbi, mahali palipoitwa Kamoga. Mwaka 1888 Kabaka Mwanga, yuleyule aliyeamuru mashahidi wa Uganda wauawe, alipinduliwa, akakimbilia Magu, kisha akaja kuomba hifadhi kwa mapadre wa Bukumbi. Aliyemsafirisha kurudi kudai kiti chake ni Charles Stokes, Mwairishi aliyeacha umisionari akawa mfanyabiashara wa pembe na bunduki. Ni hapohapo Kamoga, Mei 1890, Askofu Livinhac alipomweka wakfu Jean-Joseph Hirth kuwa askofu, na huyo Hirth ndiye aliyekuja kuwapeleka mapadre wa kwanza Rwanda mwaka 1900. Bukumbi haikufa. Ina parokia, shule na hospitali.

Usambiro ndiyo iliyokufa. Ilikuwa kusini zaidi, ghuba inapoishia, katika eneo la mtemi Makolo. Alexander Mackay wa Church Missionary Society, Mskoti na fundi wa mitambo, alihamia huko baada ya kufukuzwa Buganda mwaka 1887. Stanley alipofika Agosti 1889, akitoka kumchukua Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta, alipumzika hapo karibu wiki tatu, na maelezo yake yanatosha kumfanya msomaji ausikie ua ule: nyumba ya udongo yenye kuta nene, vitabu kila upande, karakana iliyojaa zana, wahunzi wakitengeneza bwela la boti ya mvuke, mtumbwi mkubwa ukikarabatiwa nje, mashimo ya kupasulia mbao, zizi la ng'ombe, mbuzi, kuku wanadonoa, kundi la wavulana wanatoka kuamkia. Mackay alitafsiri na kuchapa maandiko kwa Kiganda, yaani kwa watu wa ng'ambo ya ziwa. Mchana nyundo na msumeno, na katika ua huohuo sala. Binafsi namwona kama fundi aliyekuwa na dini kuliko mhubiri aliyejua ufundi, ingawa yeye mwenyewe pengine angebisha.

Malaria haikumwacha. Alifariki Februari 1890 akiwa na miaka 40, akazikwa hapohapo, mahali alipofia pia Askofu Parker wa Waanglikana mwaka 1888. Baada yake kituo kikaachwa. Kazi ya Waanglikana upande huu ikabaki Nassa, kwenye Ghuba ya Speke, ambayo nayo mwaka 1909 ilikabidhiwa kwa Africa Inland Mission. Huko ndiko lilikotokea kanisa la AIC (Africa Inland Church) la leo. Mwaka 1927 mabaki ya Mackay yalifukuliwa, yakapelekwa Namirembe, Kampala, na kuzikwa upya kando ya kanisa kuu.

Kwa hiyo nikisikia kwamba Usambiro imesahaulika kwa sababu ilikuwa ya udongo, sikubali yote. Kageye pia ilikuwa ya udongo, lakini makaburi yaliachwa, na watu bado wanakwenda kuyatazama. Usambiro iliondolewa hata mabaki ya Mackay. Waliojenga waliitumia kama mahali pa kusubiri Buganda itulie, na Buganda ilipotulia, historia ilifungashwa ikapandishwa chomboni. Vitabu vya Uganda vinamtaja Mackay kwa kurasa nyingi. Mwanza hata mtaa wake siujui.

Udongo hurudi kuwa udongo, lakini karakana huacha taka. Mahali palipofuliwa chuma kwa karibu miaka mitatu patakuwa na misumari, vipande vya bati, mavi ya chuma, labda na herufi za risasi zilizodondoka kwenye mtambo wa kuchapia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha akiolojia, na barua za wamisionari wa Usambiro zimehifadhiwa Birmingham, Uingereza. Anayetaka kupatafuta aanze na barua hizo, kisha aje na jembe kabla mashamba na viwanja havijapamaliza.