Moyo Uliokuwa Mikononi mwa Wengine

Juma hili twatafakari hasira, na jinsi inavyougusa mwili. Mfano wetu watoka Uingereza, katika maisha ya daktari mmoja.

John Hunter alizaliwa Scotland mwaka 1728, akawa mpasuaji mashuhuri mjini London. Edward Jenner, yule aliyeeneza chanjo ya ndui, alikuwa mwanafunzi wake. Hunter alikuwa mtu wa bidii nyingi, lakini mwepesi wa hasira. Mwaka 1773 alishikwa na maumivu makali ya ghafula, na katika miaka iliyofuata kifua kilimbana mara nyingi alipokasirishwa. Yeye mwenyewe alisema kwamba uhai wake ulikuwa mikononi mwa mtu mbaya yeyote atakayependa kumwudhi.

Basi, alijua. Hata hivyo, tarehe 16 Oktoba 1793 alikwenda kwenye mkutano katika hospitali ya St George's, alikofanya kazi. Alikwenda kuwasemea vijana wawili kutoka Scotland waliotaka kupokelewa kuwa wanafunzi. Mwenzake mmoja akampinga waziwazi. Hunter akanyamaza, akatoka, akaingia chumba cha pili, akaanguka na kufa. Alikuwa na umri wa miaka 65.

Maiti yake ilipopasuliwa, mishipa inayoulisha moyo ilionekana kuwa migumu. Kwa hiyo tusiseme kwamba hasira peke yake ilimwua. Ugonjwa ulikuwamo tayari, hasira iliukuta. Mwaka 1915 mtaalamu Walter Cannon wa Marekani alitoa kitabu kuhusu mambo haya. Mtu akiogopa au kukasirika, tezi zilizo juu ya figo hutia ndani ya damu kitu kinachouendesha moyo mbio, ili mwili uwe tayari kupigana au kukimbia. Moyo mzima hustahimili; moyo mgonjwa huweza kushindwa.

Ndugu, Hunter hakwenda kutafuta faida yake. Lakini nia njema haikumlinda. Nasi twavijua vikao vyetu: kamati ya kanisa, mkutano wa harambee, wazee wa ukoo juu ya shamba. Twarudi nyumbani tumeshinda kwa maneno, lakini kifua kimebana na usingizi hauji.

Mithali 14:30 yatufundisha kwamba moyo uliotulia huupa mwili uhai. Neno hilo halitukatazi kusema kweli. Lakini twaweza kumwomba mwenzetu aseme kwa niaba yetu, au kuahirisha shauri hadi kesho. Na kifua kikiuma, twende hospitali upesi. Kuomba na kumwona daktari havipingani.

Ndugu msikilizaji, leo moyo wako u mikononi mwa nani? Kama kuna mtu ambaye kutajwa jina lake tu kwakupandisha damu, usingoje kikao kijacho. Mwendee kabla jua halijatua, mkapatane.

Bwana atujalie amani yake. Amina.