Mifupa ya Mtoto wa Kisukari katika Ukanda wa Dhahabu

Rwamgasa iliingia katika maandishi ya sayansi kwa sababu ya zebaki. Mradi wa Umoja wa Mataifa wa kupunguza zebaki kwa wachimbaji wadogo, ulioanza 2002, ulikichagua kijiji hiki cha Geita kuwa eneo lake la Tanzania. Watafiti wakapima mkojo, damu na nywele za watu, wakapima samaki na tope la mialo ya kuoshea dhahabu. Kazi hiyo ilistahili kufanywa na bado inastahili. Ila imeathiri namna tunavyosimulia afya ya ukanda wa dhahabu: tunaanzia mgodini, na ugonjwa wa mtoto usiotoka mgodini hukosa pa kuandikwa. Mfano mzito ni kisukari aina ya kwanza, kinachomlazimu mtoto kuishi kwa insulini, na ndani yake jambo lililochelewa kuangaliwa kuliko mengine, mifupa. Naona kuchelewa huko kuna sababu ya kihistoria: ili mifupa ya mtoto iulizwe, kwanza mtoto aishi.

Na kuishi kulikuwa kwa shida. Insulini ilianza kuokoa wagonjwa Toronto mwaka 1922, lakini ni 1981 ndipo kliniki ya Hospitali ya Muhimbili, chini ya daktari Donald McLarty, ilipoanza kuwafuatilia kwa utaratibu wagonjwa wapya wa kisukari. Kati ya wagonjwa 1,250 walioandikishwa hadi 1987, asilimia 71 tu ya waliohitaji insulini walikadiriwa kufikisha miaka mitano, na muuaji mkuu alikuwa asidi inayojaa damuni insulini inapokosekana. Hao walikuwa Dar es Salaam, jirani na hospitali kubwa kuliko zote nchini. Kwa Rwamgasa, hospitali kubwa ya rufaa kwa miaka mingi ilikuwa Bugando, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, na barabara kuu ilikatizwa na kivuko cha Kigongo–Busisi mpaka daraja lilipofunguliwa Juni 2025. Tena mtoto anayetapika, kuhema na kulegea kwa asidi hiyo ni rahisi kutibiwa malaria mahali ambapo malaria haiishi. Nafuu ilikuja hasa baada ya 2009, mpango wa kampuni ya dawa ya Novo Nordisk ulipoanza kutoa insulini ya bure kwa watoto wa nchi kadhaa, Tanzania ikiwamo.

Watoto hao sasa wanakua, na mifupa yao inadai hesabu. Insulini haishushi sukari tu; seli zinazojenga mfupa nazo huitegemea. Sukari ikibaki juu, kalsiamu hupotea kwenye mkojo. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2015, uliohusisha zaidi ya watu 30,000 wenye ugonjwa huu, ulikuta hatari ya kuvunjika mifupa ikiwa juu tangu utotoni. Atakayepinga atasema Kanda ya Ziwa ina kinga yake: dagaa wanaoliwa wazimawazima, maziwa ya Wasukuma, jua la mwaka mzima. Hoja hiyo ina uzito, nami nisingependa mzazi yeyote aache kumpa mwanawe dagaa. Lakini chakula huleta malighafi tu; insulini ikipungua, ujenzi unalegea hata malighafi zikiwapo. Na ukanda huu unaongeza mzigo wake. Mwaka 2013 Human Rights Watch ilieleza watoto wa Geita, Kahama na Chunya wakichimba, wakiponda na kubeba mawe ya dhahabu. Kazi hiyo haimfai mtoto yeyote; kwa mwenye kisukari ni hatari mara mbili, kwani sukari inaweza kushuka ghafla akiwa ndani ya duara, yaani shimo la mgodi, na anguko moja linatosha kuvunja mfupa uliojengwa vibaya.

Pingamizi kubwa zaidi ni la mganga wa zahanati: insulini yenyewe hukatika, vipimo vya sukari ni haba, mifupa isubiri. Ningekubali kama mifupa ingeweza kusubiri. Sehemu kubwa ya akiba ya madini yake huwekwa kabla ya miaka 20 hivi, na isiyowekwa wakati huo ni vigumu kuifidia. Wala kuifuatilia hakudai mashine ya gharama ya kupima msongamano wa mfupa. Insulini inayomzuia mtoto asife ndiyo hiyo hiyo inayomjengea mfupa, hivyo kuitetea isikatike ni kutetea vyote viwili. Kinachobaki ni kumpima urefu kila anapohudhuria, kuuliza kama amewahi kuvunjika, kuuliza anabeba nini baada ya shule, na kuyaandika majibu kwenye kadi yake, pembeni ya namba za sukari.