Mizinga ya Wareno (karne ya 15 na 16)

Mizinga ya Wareno ni silaha nzito za baruti zilizobebwa na meli za Ureno katika Bahari ya Hindi tangu safari ya Vasco da Gama, aliyefika Mombasa mwaka 1498. Kwa Kiswahili mzinga ni pia gogo lililotobolewa la kufugia nyuki. Umbo ni lile lile, asali tu haimo.

Aina kongwe zilifuliwa kwa nyundo. Wahunzi walipanga fito za chuma kama mbao za pipa, wakazivisha pete zilizopashwa moto, nazo zilipopoa zikasinyaa na kubana. Baruti ilitiwa katika kopo la chuma lenye mkono, likapachikwa nyuma ya mtutu na kukazwa kwa kabari. Mwenye makopo kadhaa alifyatua upesi, ila moto ulivuja kwenye kiungo na kupunguza nguvu ya risasi.

Mizinga ya thamani ilisubiwa kwa shaba iliyochanganywa na bati, takriban sehemu tisa kwa moja. Fundi alizungushia mti kamba, akaukandika udongo mpaka ukapata umbo la mzinga, akapaka mafuta ya wanyama ili usigandane na kalibu, kisha akabandika nembo ya mfalme kwa nta. Juu yake alipaka udongo wenye samadi, tabaka baada ya tabaka, akaufunga kwa mikanda ya chuma; hiyo ndiyo kalibu. Kalibu ilipokauka mti ulichomolewa, kamba ikafumuka na udongo wa ndani ukavunjwa. Katika uwazi huo alisimamisha nguzo ya udongo iliyo badala ya tundu la mtutu. Kalibu ilifukiwa shimoni, mdomo juu, shaba ikamiminwa; mapovu na taka zikapanda kwenye kipande cha ziada kilichokatwa baadaye kwa msumeno. Nguzo ikiyumba kidogo tu, tundu lilikwenda upande.

Kila kalibu ilivunjwa ili mzinga utoke, hivyo hapakuwa na mizinga miwili iliyolingana sawasawa. Dawa ya tundu kwenda upande ilipatikana karne ya 18, pale familia ya wasubu mizinga ya Maritz ilipoanza kusubu mzinga mzima bila tundu na kuutoboa kwa mashine.

Chuma cha kusubu, kilichofaulu Uingereza kuanzia 1543 huko Buxted, kilikuwa rahisi kwa bei, lakini mizinga yake ilikuwa mizito, nayo ilipasuka bila onyo. Shaba iliyochakaa iliyeyushwa na kusubiwa upya, ndiyo maana mizinga yake iliyosalia ni michache.