Chumvi ya Ivuna na Majalada ya Siri

Katika mwaka wa 1966 wataalamu wawili wa mambo ya kale, Brian Fagan na John Yellen, walichimba penye chemchemi za chumvi za Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa, nao wakatangaza matokeo ya kazi yao mwaka 1968. Kutokana na vigae, majivu na mifupa walitambua kwamba watu walikaa hapo na kupika chumvi tangu yapata karne ya 13. Udongo wa Ivuna haukupangwa na karani yeyote. Kilichotupwa kilifunikwa pale kilipoangukia, cha tajiri na cha mnyonge, na mwenye subira ya kuchimba akakikuta.

Mambo hubadilika mara mwanafunzi anapotaka kuifuata historia hiyo hadi siku za utawala wa kikoloni. Akiuliza watu walitozwa nini, nani alilalamika, na shauri lilikatwaje, hana budi kuweka jembe chini na kushika majalada. Tena atayatafuta kwa jina la Mbeya, kwani Mkoa wa Songwe haukuwako kabla ya mwaka 2016. Ataanzia Dar es Salaam, penye Nyaraka za Taifa, idara iliyoanzishwa mwaka 1963 na kupewa sheria yake mwaka 1965. Sheria iliyoifuata, ya mwaka 2002, yataka kwa jumla nyaraka za umma zilizohifadhiwa humo zifunguliwe zikitimiza miaka 30. Ni sheria njema. Ila hesabu hiyo humfaa msomaji pale tu jalada lilipofika hifadhini. Lililobaki katika stoo ya ofisi ya wilaya, likiliwa na mchwa, halisomeki Dar es Salaam hata likitimiza miaka 60. Na lililopigwa mhuri wa siri lina ulinzi wa Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, ambayo haina mzaha na mtu aliyekutwa nalo pasipo idhini.

Sisemi kwamba serikali haina haki ya kuwa na siri. Jina la mtu aliyewapa polisi habari zamani laweza kuwaponza wajukuu wake leo, na nchi yenye mpaka kama ule wa Tunduma haiwezi kuanika kila barua ya ulinzi. Neno langu ni jingine: kuna tofauti kubwa kati ya kuficha yaliyomo ndani ya jalada na kuficha kwamba jalada lenyewe lilikuwako. La kwanza humfanya mwanahistoria asubiri. La pili humpoteza asijue hata cha kusubiri.

Hilo la pili ndilo lililotendeka Afrika Mashariki. Mwezi wa Mei 1961, miezi saba kabla ya Uhuru wa Tanganyika, Iain Macleod, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, aliwaagiza watawala wa sehemu hizi wasizikabidhi serikali mpya karatasi ziwezazo kuiaibisha Serikali ya Uingereza, au kuwaaibisha polisi, askari na watumishi wake, au kufichua waliompasha habari. Nyingine zilisafirishwa Uingereza, nyingine zikatiwa moto. Na maagizo yalikuwa kwamba hata majivu yapondwe. Katika Kenya majalada fulani yalitengwa yasionwe ila na ofisa aliye raia wa Kiingereza mwenye asili ya Ulaya, na kuwako kwa utaratibu huo kusikiriwe kamwe. Fikiri, msomaji: karani Mwafrika aliyefungua kabati lake asubuhi hakutakiwa hata kuona pengo.

Mwaka 1963 masanduku 300 hivi yenye majalada kama 1,500 yalitoka Nairobi kwa ndege. Serikali ya Kenya iliyadai bila kufanikiwa, na kwa miaka mingi wasomi walioyaulizia hawakupewa jibu la kweli. Ukimya huo ulikoma katika mahakama. Wazee wa Kenya walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau walifungua kesi mjini London mwaka 2009. Wanahistoria David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett wakatoa ushahidi. Na mwanzoni mwa 2011 serikali ikakiri kwamba majalada ya makoloni 37 yalikuwa yamewekwa Hanslope Park. Mwezi wa Juni 2013 ilikubali kuwalipa wadai 5,228 pauni milioni 19.9. Wazee hao walikuwa wakisema ukweli siku zote, lakini neno lao lilionekana jepesi mpaka karatasi za mtesaji zilipolitia uzito. Jambo hilo bado laniudhi, ingawa mwisho wake ulikuwa wa haki.

Majalada yaliyobaki yalihamishiwa Hifadhi ya Taifa huko Kew kati ya 2012 na 2013, na ya Tanganyika yamo. Yaliyochomwa hayamo.

Tarehe 16 Desemba 1938 jiwe lilianguka Ivuna kutoka angani. Wataalamu walilipima, wakaandika uzito wake kuwa gramu 705, na katika orodha zao wameandika vipande vyake viko wapi. Kimoja kiko London. Tunaweza kugombana nao juu ya nani ana haki ya kukaa na jiwe hilo, lakini twajua tunagombania nini. Kwa majalada ya wilaya hatujafika hapo. Maofisa wa mwaka 1961 waliagizwa kuandika hati za uteketezaji, na hati za namna hiyo, zilizosalia, ndizo ningependa wanafunzi wetu wazitafute kwanza, hata kabla ya majalada yenyewe. Na kwa upande wetu, wizara na ofisi za wilaya zingeweza kutoa orodha ya majalada zilizo nayo, ya siri yakiwemo: namba, mwaka, na tarehe litakapofunguliwa. Orodha ya namna hiyo haimtaji mpelelezi yeyote.