Dawa ya kuzuia nitrojeni isipotee, na funzo la maziwa ya New Zealand

Mnamo Januari 2013, kampuni mbili kubwa za mbolea nchini New Zealand zilisitisha uuzaji wa dawa ya malisho iitwayo DCD. Hakuna aliyekuwa ameugua, na dawa ilikuwa ikifanya kazi yake. Tatizo ni kwamba chembechembe zake zilikuwa zimegunduliwa kwenye maziwa.

Ili kuelewa kwa nini wafugaji walikuwa wakiinyunyiza, inabidi kuanzia pale ng'ombe anapokojoa. Kipande kile kidogo cha ardhi hupokea nitrojeni nyingi mno: ukikipigia hesabu kwa hekta, kiwango kinaweza kufika kilo 700 hadi 1,000. Hakuna nyasi za kuimaliza yote.

Urea iliyomo kwenye mkojo hugeuka kwanza kuwa amoniamu, ambayo hushikwa vizuri na udongo. Ikibaki hivyo, mizizi inapata muda wa kuichukua. Lakini bakteria wa udongoni huigeuza kuwa naitreti, na hatua hiyo ndiyo huitwa nitrifikesheni. Naitreti haishikwi na udongo. Mvua ikinyesha, huzama nayo hadi kwenye maji ya ardhini na mito. Sehemu nyingine ya nitrojeni hiyo hupaa kama naitrasi oksaidi, gesi ambayo kilo yake moja hupasha dunia joto takriban mara 270 kuliko kilo moja ya kaboni dioksaidi, kwa kipimo cha miaka 100. Mbolea ya urea anayokuzia mkulima wa mahindi hupitia njia hiyo hiyo.

Vizuizi vya nitrifikesheni hulemaza kwa muda kimeng'enya ambacho bakteria hao hukitumia katika hatua ya kwanza. Nitrapyrin imetumika Marekani kwa miongo kadhaa. New Zealand ilichagua DCD, baada ya majaribio ya Hong Di na Keith Cameron wa Chuo Kikuu cha Lincoln kuonyesha kwamba inapunguza naitreti inayozama na gesi inayopaa kutoka kwenye malisho.

Kwa nini basi chembechembe chache ziliitikisa nchi? Mamlaka zilisema maziwa hayakuwa na hatari kwa afya. Ila hapakuwa na kiwango cha kimataifa cha DCD kinachoruhusiwa kwenye chakula, na pasipo kiwango, mnunuzi anaweza kudai kisionekane kabisa. Isitoshe, miaka mitano tu nyuma, mwaka 2008, watoto wachanga 6 walikufa nchini China kwa maziwa ya unga yaliyotiwa melamini, na kampuni ya maziwa ya New Zealand, Fonterra, ilikuwa na hisa katika kampuni ya Kichina iliyohusika zaidi. Kwa nchi inayoishi kwa kuuza maziwa nje, jina la kemikali tu lilitosha kuleta hofu.

Utafiti haukukoma. Tathmini zinazojumlisha majaribio ya nchi nyingi zinaonyesha kwamba vizuizi hivi hupunguza naitrasi oksaidi kwa takriban asilimia 35 hadi 45. Lakini zinaonyesha pia kwamba amoniamu inayokaa muda mrefu juu ya udongo hupotea zaidi kama hewa ya amonia, takriban asilimia 20 zaidi. Kwa hiyo mbolea isipofukiwa, mkulima anaweza kuziba tundu moja na kupanua jingine. Mavuno nayo huongezeka kwa asilimia chache tu, na ni vigumu kuona faida kwa mkulima anayetia mbolea kidogo: hawezi kuokoa nitrojeni ambayo hakuiweka.

Ndiyo maana macho mengi sasa yameelekea kwenye mimea yenyewe. Mwaka 2009, Guntur Subbarao wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya Japani, JIRCAS, pamoja na wenzake wakiwemo wa kituo cha CIAT nchini Kolombia, waliitambua brakialaktoni, kemikali inayotolewa na mizizi ya nyasi za Brachiaria humidicola ili kuzuia nitrifikesheni. Asili ya nyasi hizo ni Afrika. Zilipelekwa Amerika ya Kusini kuwa malisho. Katika nyanda za Llanos za Kolombia, mahindi yaliyopandwa baada ya malisho ya miaka mingi ya humidicola yalitumia mbolea vizuri zaidi, ingawa faida hiyo ilipungua kadiri misimu ilivyopita.

Wafugaji wa Kenya na Rwanda wanaopanda brachiaria wasidhani kwamba kila aina ina uwezo huo. Tofauti ni kubwa. Mtama nao hutoa kizuizi chake, sorgoleoni. Kwa ngano, watafiti walitangaza mwaka 2021 kwamba wamehamishia ndani yake kipande cha kromosomu kutoka nyasi pori, Leymus racemosus, kwa njia ya kuchavusha.

Kizuizi cha mizizi hutolewa zaidi pale mizizi inapokutana na amoniamu, na hufanya kazi karibu na mizizi hiyo tu, si shamba zima kama dawa ya kunyunyiza.