Rozi kwenye lupango: wakati wa kukata matawi na namna ya kukata

Bukavu, Goma ao Butembo, waridi, ile watu wengi wanaita rozi, inachanua karibu mwaka mzima. Ndiyo maana wengi wanaogopa kuikata. Lakini mti usiokatwa matawi yake yanafungana, upepo haupiti, majani yanapata ugonjwa na kuanguka, mpaka unabaki miiba mitupu.

Wakati gani? Vitabu vya Ulaya vinasema mwezi wa pili ao wa tatu, baridi ikiisha. Huku kwetu, mvua ndiyo inaamua. Bukavu na Goma, kipwa ni mwezi wa sita mpaka wa nane. Inafaa kukata mwisho wa mwezi wa nane, ili machipukizi yakute mvua. Ukikata mwanzo wa kipwa, machipukizi yatateseka na jua. Upande wa Beni na Butembo kipwa kinakuja mara mbili kwa mwaka, lakini sheria ni ileile: kata mvua ikikaribia.

Namna gani? Tumia sekateri yenye makali, na uipanguse na alkoli mbele ya kupita kwenye mti mwingine. Kwanza toa matawi yenye kukauka, yenye ugonjwa na yenye kusuguana. Kiisha, punguza yenye kubaki kwa theluthi moja. Kata mshazari, nusu santimetre juu ya jicho lenye kutazama nje. Kama rozi ilipandikizwa, matawi yenye kutoka chini ya kiungo yang'olewe; ni ya mti mwingine, yanakula nguvu bure.

Wakati wa mvua, adui mkubwa ni madoa meusi kwenye majani. Ni kuvu, na inashika jani likibaki na maji karibu saa 7. Kwa hiyo mwanga maji asubuhi, chini kwenye udongo, si juu ya majani. Majani yenye madoa yaokotwe na kuchomwa. Vidudu vya kijani vinatoka na maji ya sabuni kidogo.

Mbolea ya ng'ombe ao mbuzi iwe imeoza vizuri. Ile mbichi inaunguza mizizi.

Matawi mazima yenye kukatwa yasitupwe. Kata vipande vya santimetre 20, vipande nusu viingie kwenye udongo, mahali pa kivuli kidogo. Vyenye kushika mizizi vinaweza kuwa zawadi ya jirani.